Siku nne na shemeji: kutoka Carpentras mpaka baharini

Shemeji ana mashine ya watu wa mashindano, rimu nene na tairi nyembamba. Mimi nina baiskeli ya chuma ya kukodi, tandiko gumu na giya za kutosha kupandia ukuta. Yeye anaishi Marseille na dada yangu miaka sasa, na kila nikienda kuwatembelea husema, "Shemeji, siku moja nitakutoa uone Ufaransa yenyewe." Julai hii nikamwambia haya, nitoe.

Tulipanda treni mpaka Carpentras, tukashuka na baiskeli zetu, na katika mzunguko wa kwanza tu wa barabara nikaingia kushoto. Ufaransa ni kulia. Dereva wa gari dogo alipiga honi mpaka nikaisikia kwenye meno. Shemeji hakusema kitu, ila kuanzia hapo kila tukikaribia mzunguko aliinua mkono wa kulia juu, kama mwalimu wa chekechea.

Kutoka Carpentras hadi Villes-sur-Auzon ni kama kilomita 20 za mashamba ya mizabibu. Kushoto kwako muda wote umesimama Mont Ventoux, mita 1,910. Kilele chake ni cheupe hata kiangazi, na mgeni hudhani ni theluji kumbe ni mawe ya chokaa matupu. Nikauliza kwa nini hatupandi huko. Shemeji akanyoosha kidole kwenye miti ya kando ya barabara, ilivyokuwa imelala upande mmoja. "Huko juu kuna upepo, shemeji. Mwaka 2016 Tour de France yenyewe, yale mashindano makubwa ya baiskeli, iliogopa, wakashusha mstari wa kumalizia mpaka Chalet Reynard, kilomita 6 chini ya kilele." Siku hiyo hiyo, tarehe 14 Julai, pikipiki ilikwama katikati ya watu, baiskeli ya mshindani Chris Froome ikavunjika, na yule mzaliwa wa Nairobi akaanza kuupanda mlima kwa miguu, mbio, na viatu vyake vya baiskeli, jezi ya njano ya anayeongoza mashindano mwilini. Kwa hiyo sisi tukakata kona kuingia korongo la Nesque.

Kwa mtu anayetaka kupanda mlima bila kuteseka, hii ndiyo barabara. Inaanza kwenye kama mita 300 kutoka usawa wa bahari na inapanda polepole mpaka 734, pale Castelleras, mahali pa kutazamia korongo. Mwinuko ni mdogo kiasi kwamba unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Imechongwa ubavuni mwa jabali: upande mmoja mwamba, upande wa pili kiukuta kifupi cha mawe, halafu hewa. Kuna vitundu vitatu vya kupita ndani ya mwamba, na ukiingia kimojawapo jasho linapoa ghafla mgongoni. Magari ni machache. Mawe ya kilomita yana kichwa cha njano, alama ya barabara ya wilaya. Nimejifunza kuyafuata hayo. Ukiona kichwa chekundu ujue uko kwenye barabara kubwa ya malori, tafuta njia nyingine.

Tukiwa karibu na kitundu cha pili nikasikia *pssss*. Tairi la nyuma la shemeji. Akatoa tyubu mpya mfukoni kwa madaha, akaivalisha, halafu akanyamaza. Valvu ilikuwa fupi. Rimu zake zile nene za kujionyesha ziliimeza yote, ikabaki ncha kama punje ya mchele, pampu haishiki. Akajaribu kwa kucha. Akajaribu kusukuma tairi kutoka juu kwa vidole gumba. Mimi nikakaa kwenye kiukuta nikala tende, kwa sababu ni yeye aliyenicheka asubuhi kwa kubeba mkoba wa vifaa kama fundi.

Nikaona jambo ambalo siwezi kulisahau kuhusu nchi ile: kila mwendesha baiskeli aliyepita aliuliza "Ça va?", yaani mko salama? Kila mmoja, hata wale waliokuwa wanahema. Wa tano alikuwa mzee mwembamba, miguu imekauka kama kamba ya katani, akashuka bila kuulizwa. Akaitazama rimu, akaitazama valvu, akamtazama shemeji kwa huruma. Kutoka kwenye kikoba chini ya tandiko lake akatoa tyubu ya valvu ndefu iliyofungwa kwa mpira. Shemeji alipotoa pochi, mzee alikuwa ameshapanda. Tulimkuta tena Castelleras, ameegemea ukuta akitazama ng'ambo, kwenye Rocher du Cire, jabali linalosimama wima toka chini ya korongo, kilele chake mita 872 kutoka usawa wa bahari. Cire ni nta: nyuki walikuwa wakijenga kwenye nyufa zake. Mzee akatuonyesha kwa kidole, akasema maneno mawili matatu kwa lafudhi ya huko ambayo hata shemeji hakuyapata, akaondoka.

Tulilala kijiji cha Sault. Lavenda, yale maua ya zambarau yenye harufu, ilikuwa ndiyo kwanza imekolea, na kitu ambacho picha hazikwambii ni kelele. Shamba zima linavuma. Ukisimama kandokando yake ni kama umesimama karibu na mashine ya kusaga iliyo mbali kidogo. Ni nyuki tu.

Siku ya pili tuliteremka mpaka Apt, na hapo nikafanya kosa la mgeni: nilipanga kula saa saba. Duka la mikate limefungwa, duka la vyakula limefungwa, na bomba la maji uwanjani lina kibao *eau non potable*, yaani usinywe. Ukipanga safari ya vijiji vya Ufaransa, nunua mkate kabla ya saa sita mchana na uuchomeke mfuko wa mgongoni. Kutoka Apt kuna njia ya baiskeli peke yake, imepita pale palipokuwa reli ya zamani, tambarare, ina kivuli, na inakufikisha Pont Julien. Daraja hilo lilijengwa na Warumi mwaka wa 3 kabla ya Kristo, na magari yalipita juu yake mpaka 2005. Sasa ni letu. Nililivuka mara mbili, kwenda na kurudi, bila sababu. Baada yake kuna kilima cha Bonnieux ambacho sitakisimulia, na mteremko wa korongo la Lourmarin, kona baada ya kona chini ya miti, mpaka kijiji alichozikwa mwandishi Albert Camus. Pertuis tukapanda treni kurudi Marseille.

Pwani nilidhani ingekuwa ndiyo mapumziko.

Kutoka Marseille unapanda Col de la Gineste, mita 327, mawe meupe pande zote na jua linakupiga mara mbili, juu na chini. Unateremka Cassis, na kutoka Cassis inaanza Route des Crêtes, kama kilomita 15 juu ya magenge mpaka La Ciotat. Tulifika pale chini siku ya tatu tukakuta kizuizi kimeshushwa. Mistral. Huo ni upepo unaoshuka bonde la mto Rhône kutoka kaskazini, mkavu, hauna mawingu, mbingu buluu tupu huku vumbi linakuingia masikioni. Sisi tunaijua kaskazi ya kistaarabu inayojaza tanga. Hii ni kaskazi isiyo na adabu. Shemeji akataka tupite pembeni ya kizuizi. Nikamkumbusha miti ya Ventoux. Tukarudi kwa Gineste upepo ukitupiga usoni, mimi nimejibana nyuma ya mgongo wake unikinge upepo njia nzima, naangalia tairi lake la nyuma na hakuna kingine.

Siku iliyofuata upepo ulikatika na kizuizi kikainuliwa. Kipande cha mwanzo ni kibaya, mwinuko wake kuna mahali unazidi asilimia 10, na baiskeli yangu ya chuma ikaanza kulia kama mlango. Lakini nendeni kutoka Cassis kuelekea La Ciotat, msiende kinyume chake, kwa sababu ukikaa kulia kwako bahari inakuwa upande wako, hakuna gari kati yako na maji. Pale Cap Canaille genge lina karibu mita 400, rangi ya matofali, na ukigeuka nyuma unaona upande wa pili wa Cassis miamba yote ni myeupe, kana kwamba ni nchi mbili zimegawana ghuba moja. Nililaza baiskeli, nikatambaa kwa tumbo mpaka ukingoni. Mashua ilikuwa inapita chini. Niliona mkia wake mweupe wa povu, mlio wake haukufika.

Mteremko wa La Ciotat nilishika breki mpaka vidole vikafa ganzi, winchi za kiwanda cha meli zikiongezeka ukubwa kila kona. Mjini tukanywa maji, tukauliza kituo cha treni. Tukaambiwa hakiko mjini, kiko kilomita kadhaa huko nyuma, na njia inapanda.

Shemeji akaitazama barabara, akanitazama mimi. "Tangulia, shemeji," akasema. "Leo mgongo ni wako."