Mzaliwa wa kwanza, na mjomba niliyembeba mgongoni

Jumamosi ile nilikuwa nje nachambua korosho, mbovu huku nzuri kule, maana ghalani wakikuta umechanganya unarudi na gunia lako, mara wakapiga hodi vijana wawili na vibegi vyao, wapole kweli, shikamoo mama, nikawapa mkeka. Wakafungua Wakolosai 1:15, Kristo ni "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote." Sasa mama, si maana yake na yeye yumo humo humo kwenye viumbe, ila katangulia tu?

Jamani nilikwama. Mimi mtoto wa Ndanda, nimekua nasikia kengele ya abasia, Nasadiki, ile kanuni ya imani ya kanisani, naisema tangu nina kithembe, nikabaki nageuza korosho kama natafuta iliyooza.

Usiku ndo akili ikaja (kawaida yangu). Mstari wa 16 tu hapo chini unasema katika yeye vitu vyote viliumbwa, sasa kama ni vyote, yeye anaingiaje kwenye hesabu ya vilivyoumbwa? Halafu nikaenda Zaburi 89:27, Mungu anasema atamfanya Daudi mzaliwa wa kwanza. Daudi! Kitindamimba wa Yese, watoto wa kiume wanane, nabii Samweli alipokuja kumtafuta mfalme hata kuitwa hakuitwa, yuko machungani na kondoo. Na Eliabu, wa kwanza mwenyewe, yupo hai. Kumbe ni cheo kinachotajwa pale, sio zamu ya kuzaliwa.

Na sisi huku hilo si geni. Ukoo wetu ni wa mama, na mjomba wangu wa mwisho nimemzidi miaka mitano, nimembeba mgongoni, kamasi nimemfuta. Lakini kwenye posa ya binti yangu wageni walikaa tangu saa tatu, wali ukaiva ukapoa, hakuna aliyefungua mdomo mpaka mjomba alipofika na bodaboda kutoka Masasi mjini, vumbi mpaka kwenye kope, nikapiga goti nikamwamkia shikamoo mjomba. Ukimhesabia miaka utamkosea adabu.

Ila mfano wangu unafika mahali unaishiwa, kwa sababu mjomba ana siku aliyoanza kuwepo. Na hapo ndo ugomvi wa zamani ulipokuwa, padri mmoja wa Aleksandria, Ario, alifundisha kwamba kulikuwa na wakati Mwana hakuwepo, maaskofu wakakutana Nikea (sasa hivi ni Iznik, huko Uturuki) mwaka 325 wakamkatalia. Ndo tukapata yale maneno ya Nasadiki tunayoyapita mbio Jumapili tukiwaza mboga: "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Mkeka nimeusuka, binti nimemzaa. Mkeka hauwi mtu hata niusuke vipi, binti ni mtu kama mimi. Sasa Mwana anatoka kwa Baba hivyo, Mungu kwa Mungu, ila bila siku ya kuzaliwa, na hapo hata binti hanisaidii tena.

Wiki iliyofuata wakarudi, nikawasimulia habari ya mjomba. Mmoja akacheka sana, Mmakua wa Nanyumbu, kumbe wa kwake yuko darasa la saba na anamwamkia. Mwenzake hakucheka, akasema mama wiki ijayo tuanze Yohana 1:1. Nimeshaiwekea alama. Na korosho zimeisha, safari hii sina pa kuinamia.