Tarakimu nne zangu na ishirini za LUKU

Namba yangu ya siri ya pesa za simu waliijua watu wanne: mimi, binti yangu mkubwa, mtoto wa dada niliyekuwa nakaa naye, na kijana wa uwakala jirani na meza yangu pale soko la Majengo, Dodoma. Huyo wa nne hakupewa na mtu. Aliisikia tu. Kila nikitaka kutoa pesa nilimwita binti, namtajia kwa sauti, na soko nalo lina masikio.

Nauza karanga na mafuta ya alizeti. Mafuta yanatoka Singida, na mzee anayeniletea hapokei noti, anataka pesa iingie kwenye simu ndipo madumu yapande gari. Wakati naona, hilo lilikuwa jambo la dakika moja. Kisha presha ya macho ikanikuta nikiwa na miaka 38. Haiumi ile, ndiyo ubaya wake. Inaanza kula pembeni, unajikwaa kwenye madumu yako mwenyewe unasema leo nina haraka. Nilipofika hospitali jicho la kushoto lilikuwa limekwisha na la kulia linaona kama kwa tundu la ufunguo. Dawa ya matone inalinda kilichobaki, hairudishi kilichokwenda, na mimi nilikuwa nimechelewa. Wadogo zangu wote nimewasukuma wakapime, maana ugonjwa huu unapenda kutembea kwenye ukoo. Wawili wameenda, mmoja bado ananizungusha.

Siku moja mzee wa Singida akapiga: "Mama, mzigo upo, pesa sijaiona." Salio likasomwa, na elfu arobaini haipo. Binti anasema si yeye, mtoto wa dada analia, kijana wa uwakala anasema labda ni makato. Sikumshtaki mtu. Ningemshtaki nani, na namba ya siri tunaijua wanne?

Ndipo jirani yangu aliponishika mkono, akanipeleka kwenye mafunzo ya simu kwa wasioona. Siku tano. Nilidhani mwalimu atakuwa mtu mwenye macho, wa kutushika vidole. Akaja kijana anagonga fimbo yake sakafuni, mwenyewe haoni tangu utotoni. Alisoma Buigiri, shule ya wasioona kule Chamwino, akamalizia Chuo Kikuu cha Dodoma. Nikamuuliza, "Mwanangu, na wewe nani anakusomea?" Akasema, "Hii hii simu, mama. Ilikuwa inawasubiri muiwashe."

Kumbe ni kweli. Simu yangu ya tachi, ile niliyotaka kuiuza ninunue kitochi chenye vibonyezo, ilikuwa na kisoma skrini ndani siku zote. Unabana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, unavishikilia kwa sekunde kadhaa, inaanza kuongea. Inaitwa TalkBack. Tatizo, iliongea Kiswahili kama Mzungu aliyeshuka ndege jana. "Salio" nililisikia mara tatu nisilielewe. Mwalimu akatuwekea sauti ya Kiswahili, ya bure, inasikika kama mtu aliyebanwa pua, lakini kila neno linafika. Nimeizoea hadi leo sitaki nyingine.

Siku ya kwanza nzima tulifundishwa kutelezesha kidole. Ukitelezesha kulia, inakutajia kitu kinachofuata. Ukigonga mara mbili, umekifungua. Basi. Inaonekana rahisi ukisoma hapa. Usiku ule nikiwa najizoeza kitandani simu ilimpigia shemeji saa nane, akaamka akijua kuna msiba.

Pesa ndiyo ilinitoa jasho. Menyu ya kutuma inakaa muda mfupi, halafu inajifunga. Mimi nilikuwa naisikiliza yote kwa adabu, kama hotuba, nikifika mwisho imeshakatika. Mara ya nne nikaiweka simu mezani nikasema mimi narudi kuuza karanga. Mwalimu hakunibembeleza. Akaniuliza, "Mama, ukiamka usiku kwenda chooni, unahesabu milango yote?" Akaniambia niishike njia ya kutuma pesa kichwani: namba ipi kwanza, ipi inafuata, nisingoje msomaji amalize. Kwenye kibodi unaburuza kidole taratibu, ukisikia tarakimu unayoitaka unainua. Kuinua ndiko kuandika. Mwishoni jina la mpokeaji linasomwa kabla hujathibitisha, na nilipoyasikia majina ya mzee wa Singida, yote matatu, nilipigapiga meza.

Jambo lenyewe hasa likaja siku ya nne. Ukiandika namba ya siri, simu inaitaja kwa sauti. Yaani ningekuwa nimemfukuza binti ili nimwite mpiga mbiu. Dawa ni hedifoni, sikio moja tu. La pili unaliacha wazi kwa ajili ya wateja na bodaboda. Halafu kwenye TalkBack kuna mahali pa kuficha skrini, kioo kinakuwa cheusi na simu inaendelea kufanya kazi. Aliyesimama nyuma yako anaona giza kama wewe. Wanangu siku ya kwanza walidhani simu imekufa.

Nilirudi Majengo Jumatatu nikabadilisha namba ya siri, nimekaa kwenye kigoda changu, watu wanapita wananisalimia mbukwenyi na mimi naitikia huku kidole kinatembea.

Si kila kitu kimenyooka. Programu nyingine zina vitufe visivyo na jina, simu inasema "kitufe" basi, ubahatishe. Noti bado nazikunja kwa mtindo wangu, ya elfu kumi mara mbili, ya elfu tano mara moja. Na upepo wa Dodoma ukivuma mwezi wa saba, hata fimbo siisikii inavyogonga, nangoja utulie ndipo nivuke.

Juzi umeme uliisha saa mbili usiku. Binti akasema, "Mama, leta simu nikuwekee LUKU." Nikamwambia akae. Nikanunua mwenyewe, ujumbe ukaja na zile tarakimu ishirini. Msomaji alizimimina zote kwa pumzi moja, hapana mtu anaweza. Nikabadilisha isome moja moja. Nikasimama kwenye mita, simu mkono wa kushoto, kidole cha kulia kinatafuta kale kachunusi kalikoko kwenye tano. Nasikiliza nne, nabonyeza nne. Nilikosea kwenye fungu la tatu, nikaanza upya, na binti nyuma yangu anahema kwa kukosa subira lakini hakugusa.

Nilipobonyeza ya mwisho watoto hawakuwahi kusema kitu. Friji lilinguruma kwanza.