Hadithi ya mmoja, igizo la wote: ninavyoendesha kikundi cha wanawake Temeke

Mama lishe, dada wa kazi za ndani, karani wa benki, mwalimu mstaafu na binti aliyeishia darasa la saba wanaweza kutengeneza igizo zuri pamoja, mradi hadithi ihame kwanza. Inaanza kwa mwenyewe, inakuwa ya kikundi, ndipo inapanda jukwaani. Ikipanda ikiwa bado ya mwenyewe, mtaa utamtambua, na Jumatatu asubuhi yeye ndiye atakayekutana na mawifi zake bombani.

Nachukua watu 12 hadi 15. Wakiwa chini ya 8, wawili wakiuguliwa hakuna mazoezi; wakizidi 15, zamu za kusimulia haziishi na wakimya hawafikiwi. Tunakutana Jumapili, saa nane hadi saa kumi na moja, tukipumzika kwa swala ya alasiri. Jumapili ndiyo siku dada wa kazi wengi hupewa ruhusa. Fedha ikipatikana, naanza na nauli na mtu wa kukaa na watoto chumba cha pili. Vikundi vingi hushona sare kwanza, halafu hushangaa wenye watoto wachanga wameishia wapi. Nauli natoa mwanzoni mwa kikao, ili anayetaka kuondoka katikati aondoke bila kujiona anadaiwa.

Kikao cha kwanza ni cha kanga. Kila mmoja anakuja na moja, anasoma jina la kanga hiyo kwa sauti (asiyejua kusoma huwa analijua kwa kichwa) na kusimulia ilivyomfikia: alipewa msibani, aliinunua kwa hela ya kwanza ya mchezo wa upatu, aliachiwa na bibi yake. Dakika 3, simu inapima. Msimulizi akisema "Paukwa", wenzake "Pakawa", na kuanzia hapo hakuna wa kumkatiza. Ukianza kwa kuwauliza changamoto zao utapata lugha ya semina: waliosoma watazungumzia mfumo dume na uwezeshaji kiuchumi, wengine watatikisa vichwa. Kwenye kanga shahada haina msaada. Anayesimulia vizuri zaidi kwa Kiha au Kimakonde aachwe asimulie, kisha mwenzake afasiri. Kiswahili cha haraka cha Dar humnyamazisha mgeni kuliko aibu.

Baada ya hapo ndipo zinaanza hadithi za maisha. Sharti langu: leta hadithi unayoweza kuisimulia, urudi nyumbani, na bado upike chakula cha jioni. Sidai maumivu. Mtu akilemewa tunasimama, na mmoja aliyepangwa mapema anatoka naye nje. Kumzunguka wote kunamfanya ajione maiti. Mimi si mshauri nasaha, kwa hiyo nina karatasi ukutani: Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi cha jirani, simu 116 kwa mambo ya watoto, na maelezo kwamba fomu ya PF3 kwa aliyejeruhiwa hutolewa polisi.

Kikundi kikishachagua hadithi, mwenyewe anaulizwa mara mbili: siku ile ile mbele ya wote, na wiki inayofuata akiwa peke yake nami. "Ndiyo" ya mbele za watu mara nyingi ni adabu tu. Akikubali, tunabadili vitu vitatu, yaani kazi, mahali na uhusiano. Mume wa Mbagala aliyechukua fedha za kikoba za mkewe anageuka kaka wa Tandahimba aliyechukua malipo ya korosho ya dada yake. Fundo halibadiliki: jasho la mwanamke, mkono wa mwanamume kwenye fedha. Mwenyewe haigizi nafasi yake. Anakaa kama mwelekezi, anawaambia wenzake "hapana, hakupaza sauti, alinong'ona." Mwanamke ambaye hajawahi kuamrisha mtu anaanza kuamrisha hapo, na kwangu hiyo ni hatua kubwa kuliko makofi ya jukwaani.

Kuigiza kwenyewe kunaanza bila maneno. Makundi ya watu 4 yanasimamisha picha tatu kwa miili: kabla ya tukio, tukio lenyewe, baada yake. Dakika 10 zinatosha. Ukiwapa nusu saa wataanza kujadiliana na picha hazitatoka. Picha ikikaa, kila mhusika anapewa sentensi moja, kisha tatu, mpaka mazungumzo yanajijenga. Maandishi situmii, kwa sababu yanawarudisha wasiosoma chini ya waliosoma. Tunarekodi kwa simu na kusikiliza pamoja. Sauti tunaifanyia kazi kwa mistari miwili inayotazamana mita 10, watu wakibishania bei ya nyanya bila kupiga kelele. Kelele hukauka dakika ya tano, pumzi ya tumboni inafika mwisho. Kosa linalojirudia ni kuwapa watazamaji mgongo, basi nachora nusu duara kwa chaki.

Igizo halizidi dakika 20, na linakatika pale mambo yalipoharibika. Hapa kila kikundi kinanipinga, maana wote wanataka suluhu na wimbo wa maadili. Siwapi. Mtindo wa jukwaa la mjadala, uliobuniwa na Augusto Boal wa Brazil, unahitaji jeraha libaki wazi ili watazamaji waingie. Tunarudia toka mwanzo, mtu anaita "Simama!", anajifunga kanga ya mhusika mkuu na kujaribu njia yake. Anamrithi aliyeonewa tu; ukiruhusu abadilishwe mwonevu, atakuwa malaika mara moja na mjadala umekufa. Mzee akiinuka kuhutubia, mchokoza mada, yaani anayeongoza mjadala, anamwambia, "Shikamoo baba, usituambie, tuoneshe." Akija na muujiza, watazamaji wanaulizwa kama unawezekana hapa mtaani. Wanacheka, na jibu limepatikana. Majaribio 5 yanatosha kabla ya giza.

Barua kwa serikali ya mtaa ipelekwe mapema, pamoja na mwaliko wa mwenyekiti. TUSEME, mradi ulioanza 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chini ya Penina Mlama na Amandina Lihamba, uliwapa wasichana wa sekondari kazi ya kuchunguza matatizo yao wenyewe, kuyaigiza na kuyajadili na wenye mamlaka shuleni. Naufuata hapo. Mwenyekiti anakaa benchi moja na wengine, hana meza kuu, na mwishoni anaulizwa atafanya nini na lini. Tunaandika.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, aliimba habari za kesi za Unguja hata majina yakatajwa. Sisi hatufiki huko. Leo kila mtazamaji ana kamera mfukoni, kwa hiyo tunatangaza mwanzoni kwamba hakuna kurekodi, na wawili wetu wanakaa nyuma kuangalia simu zinazoinuliwa.

Jumapili inayofuata mwenye hadithi anazungumza wa kwanza. Akisema kuna aliyeanza kubahatisha ni nani, igizo linaondolewa siku hiyo hiyo bila kura. Ndiyo maana tunaandaa mawili.