Chumba kizima cha treni

Tulipopanga safari ya TAZARA kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto watatu, kilichonisumbua zaidi kilikuwa vyumba, kwa kuwa daraja la kwanza lina vitanda vinne kwa chumba na la pili lina sita, na wanaume hutenganishwa na wanawake isipokuwa familia ilipie chumba kizima. Tulilipia vitanda vyote sita vya daraja la pili. Mama, ambaye magoti humsumbua, alipata kitanda cha chini. Kitindamimba nililala naye, yeye upande wa ukutani, huku nikiwa nimeviringisha blanketi miguuni pake, maana treni hutikisika mno usiku. Kitanda kilichobaki kilibeba viazi vya wifi.