Bibi hanywi madafu

Wifi yangu wa Morogoro ameanza tena. Likizo ikikaribia tu simu inalia, salamu zikiisha anashuka na hoja yake ile ile, kwamba hawa watoto niwapeleke kwake wakapumzike, nyumba yenye mgonjwa siyo ya kulelea mtoto, watakuwa waoga, watajaa huzuni, watakuja kuota masindano usiku. Simlaumu, wifi ni mtu wa huruma na anayeumwa ni mama yake wa kumzaa, mie mkwe tu. Ila namsikiliza huku nawaangalia wanangu wanagombana sebuleni nani leo atamshika bibi mkono, najiuliza hiyo huzuni yenyewe mbona siioni.

Kwa wasiotujua, mama mkwe wangu anasafisha damu, figo zilikufa kidogo kidogo kwa presha ya miaka mingi ambayo alikuwa anaitibu siku akiumwa kichwa na kuiacha kichwa kikipoa. Sasa ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, masaa manne kwenye mashine, ukijumlisha kwenda na kurudi kutoka huku Kimara, Dar es Salaam, ni siku nzima imekwenda. Na mimi nina watatu, dada mtu yuko darasa la pili, kaka mtu ana miaka minne na mdomo wa mtu wa arobaini, halafu kitinda mimba ambaye ndo kaanza kusimama kwa kushikilia makochi.

Sasa huo mkono. Mama alifanyiwa upasuaji mkono wa kushoto wakaunganisha mishipa miwili ili sindano za mashine zipate pa kuingia, na pale palipounganishwa pana mtetemo, ukiweka kiganja unasikia kama simu iliyowekwa vibresheni. Nesi alituambia kila asubuhi lazima mtu aguse ahakikishe unatetemeka, ukinyamaza tu mkimbize mgonjwa hospitali maana mshipa umeziba. Mwanzo kazi hiyo nilikuwa naifanya mimi, baadaye dada mtu akaanza kuwahi, anaamka kabla ya kupiga mswaki anaenda kitandani kwa bibi anaweka mkono, halafu anapiga kelele mpaka jikoni, "mama, unaimba!" Kaka mtu yeye hagusi, analaza sikio kabisa. Na ni wao wanaoulinda mkono huo, mgeni akijidai kumkumbatia bibi upande wa kushoto anazuiwa mlangoni, siku moja kaka mtu alimkatalia daktari wa zahanati ya jirani asimfunge kile kitambaa cha kupimia presha upande ule, kamwambia "huo hapana, pima huu," na daktari mwenyewe akacheka akahamia kulia. Mtoto wa miaka minne jamani. Huyo ndo wifi anasema ataharibika kisaikolojia.

Kitu kingine ni maji. Watu wakisikia figo wanafikiri mgonjwa anywe maji mengi, kumbe figo zikishakufa hakuna mkojo wa maana, kila unachokunywa kinabaki mwilini kinajaa miguuni na kwenye mapafu mpaka mtu analala amekaa. Mama kapangiwa lita moja kwa siku na humo imo chai, imo uji, imo mchuzi, imo hata barafu. Kuhesabu kulinishinda, mara nimesahau kikombe cha saa nne, mara mwenyewe kajinywea kimya kimya. Basi tukawa tunajaza chupa ya lita moja asubuhi, akinywa kikombe cha chai tunamimina kikombe hicho hicho cha maji kutoka kwenye chupa tunamwagia mchaichai pale nje, chupa ikikauka siku imeisha. Kazi ya kumimina nimewapa watoto, maana mtoto na kumwaga maji ni ndugu. Mchaichai umestawi huo, majirani wanakuja kuomba. Mama naye anajaribu kumhonga kaka mtu pipi ili achote kikombe kisichojaa, na wanapatana kabisa wale wawili mpaka dada mtu aje kuwafichua, na hapo ndo utasikia bibi wa miaka sitini na kitu anabishana na mjukuu kama wenzake wa rika.

Wanaonichosha kusema kweli si watoto, ni wageni. Kumjulia hali mgonjwa ni jambo jema na dini imehimiza, sipingi, lakini mtu anakuja saa saba mchana bila hata meseji, nimetoka kumwogesha kitinda mimba, sufuria iko jikoni, mama ndo kasinzia kwa uchovu wa mashine ya jana, nimwamshe, nipike chai, nikae nisikilize jirani wa binamu yao alipona figo kwa mizizi gani. Halafu wanakuja na vitu. Ndizi mbivu, machungwa, parachichi, tende, na kinachowapendeza kuliko vyote ni madafu, "mletee dafu linasafisha figo." Dafu lina madini ya potasiamu mengi na kwa mtu asiye na figo hayawezi kutoka, yakizidi kwenye damu moyo unasimama, yaani si kusema ataumwa tumbo, moyo unasimama. Sasa utamwambiaje shangazi kapanda daladala mbili na jua lile kabeba madafu manne kwapani? Unapokea, unashukuru, akiondoka watoto wanafanya sherehe. Hili wamelishika vizuri mno, juzi mgeni kaingia getini na mfuko kaka mtu akampokea kwa adabu zote, shikamoo bibi, karibu, "bibi yetu hanywi madafu lakini sisi tunakunywa."

Hata viazi siku hizi napika kwa mtindo mwingine, namenya, nakata vidogo, naloweka, nachemsha namwaga maji, nachemsha tena, ili hiyo potasiamu ipungue. Mchicha hivyo hivyo. Ladha imekwenda na maji, lakini tunakula wote sufuria moja, sina nguvu wala gesi ya kupika vyungu viwili.

Halafu kuna Tanga. Baba yangu mzazi ana sukari ya siku nyingi na miguu imekufa ganzi, mwaka huu kakanyaga mwiba wa samaki pwani hakusikia kitu, katembea nao mpaka nyumbani, kaka yangu ndo kaona damu kwenye kandambili. Kidonda kikagoma, wamekata vidole viwili. Mimi niko huku na mama mkwe, kaka yuko kule na baba, kila mtu anauguza na pole zinapita kwenye simu. Kuna siku nimelia bafuni kwa sababu ya Tanga na siyo ya humu ndani, maana humu ndani kuna cha kufanya kila saa, kule nimebaki na kutuma hela na kuuliza kala nini. Watoto wanaongea nae kwa video, na baba kila mara anageuza simu juu wasione mguu. Dada mtu akamwambia, "babu tuonyeshe tu, sisi tunajua magonjwa." Mzee kashikwa na kicheko, kaonyesha. Wakahesabu vilivyobaki, kaka mtu akauliza sasa kiatu kitakaaje, babu akasema ndo hilo analiwaza yeye pia. Yaani kaka yangu anasema tangu alazwe hajamwona baba anaongelea ule mguu na mtu yeyote, kila akiulizwa anasema nzuri nzuri, alhamdulillahi.

Sitaki nionekane najidai kila kitu shwari. Mvua za masika zile, bonde la Jangwani likijaa maji barabara ya kwenda hospitali inafungwa, mgonjwa wako wa Alhamisi yuko Kimara anavimba uso na wewe unapigiana simu na bajaji anakutajia bei kama unasafiri mkoa, wakati huo huo kitinda mimba ana homa na dada wa kazi kaenda kwao msibani. Siku kama hiyo wakubwa wanakula chapati za jana na kuangalia katuni mpaka macho mekundu, na hakuna wa kumuuliza mtu homuweki. Kuna Alhamisi sindano ya surua ya kitinda mimba, ile ya miezi tisa, iligongana na siku ya mashine, baba watoto akabeba mama yake mie nikabeba mwanangu, jioni bibi na mjukuu wote wamerudi na pamba, mmoja anapiga kelele mwenzie kachoka hata kuongea hataki. Dada mtu kawakagua wote wawili akasema bibi ndo jasiri. Mama kafurahi usingizini.

Kilichonisumbua kweli ni suala la figo. Tangu 2017 Muhimbili wanapandikiza humu humu nchini, mgonjwa anapewa figo moja ya ndugu yake, baba watoto akajitolea. Tukaongea sebuleni usiku tukidhani wamelala. Mama alikataa katakata, kasema figo za wanangu zikae pale pale Mungu alipoziweka, mie nimeshakula chumvi ya kutosha, msinifungulie mtoto tumbo. Basi asubuhi kaka mtu hakwenda kwa bibi, kamfuata baba yake akambonyeza mgongoni, akauliza ikitoka moja ataweza bado kucheza mpira. Hapo ndo nilimuelewa wifi kidogo. Baba yake alimkalisha akamwambia ukweli wote, kwamba anaweza, kwamba bibi kasema hapana, kwamba tutaongea tena na daktari. Mtoto akatulia, akaomba uji. Lakini wiki nzima alikuwa anamchungulia baba yake akilala.

Kwa hiyo nilipopigiwa juzi sikumbishia wifi kama kawaida yangu. Nimemwambia watakuja Morogoro Desemba wiki moja, wakaone milima, wakaogelee, maana na wao ni watoto. Ila kabla ya hapo yeye aje akae hapa na mama yake, alale humu, aende nae Alhamisi mpaka mashine imalize, aguse ule mkono asubuhi. Simu ilikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema wifi, mimi naogopa damu. Nikamwambia kaka mtu atakufundisha, hana ada kubwa, pipi moja tu.

Amekubali, anakuja wiki ya kwanza ya likizo na nimeshamwonya asibebe ndizi. Sasa natafuta godoro la kumlaza, maana lile la ziada kaka mtu kalikojolea na jua lenyewe la wiki hii mnaliona.