Usiku wa mtungi wa bluu: siku zetu nne za mwanzo na mtoto ndani ya gari la kulala

Tulipoondoka Glasgow mwezi wa Januari na mtoto wetu wa miezi saba, gari tulilokodi lilikuwa na kitanda, jiko, hita ya gesi na kengele ya kaboni monoksaidi (gesi ya sumu isiyo na harufu), ambayo niliijaribu mara tatu kabla hatujatoka mjini. Mama yangu alipiga simu kutoka Tanga kuuliza kwani huko Uskoti nyumba zimekwisha.

Siku ya kwanza tulifuata ukingo wa ziwa Loch Lomond polepole, tukisimama mara kwa mara ili kumtoa mtoto kwenye kiti chake, ambamo tulimfunga bila koti nene kwa kuwa koti hufanya mkanda ulegee. Jua lilizama kama saa kumi jioni, tukalala salama.

Usiku wa pili tuliegesha kwenye bonde la Glencoe. Saa tisa niliamka nikakuta hita imezimika na kipimajoto kando ya mtoto kinaonyesha nyuzi 11, ilhali wauguzi walikuwa wametufundisha kwamba chumba anacholala kiwe kati ya nyuzi 16 na 20. Mume wangu alitoka na tochi, akautikisa mtungi, akarudi akisema gesi imo tele. Imo kweli, ila mtungi ulikuwa wa bluu, yaani wa butani, na butani huacha kugeuka mvuke halijoto inapofika karibu na sifuri. Nje ilikuwa nyuzi 6 chini ya hapo. Tulikuwa na gesi iliyobaki kuwa kimiminika kitupu.

Sikutaka kumlaza kati yetu chini ya mablanketi mazito. Tulimvisha nguo mbili za sufu, tukamfunga kitini, tukamfunika kanga mbili juu ya mkanda, kisha tukaendesha hadi mji wa Fort William huku joto la injini likimrudishia usingizi. Asubuhi tulinunua mtungi mwekundu wa propani, ambayo huendelea kutoa mvuke hata kwenye baridi kali mara nyingi kuliko ile, pamoja na regulata nyingine, kile kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi, maana ile ya zamani haikuingia. Aliyetukodisha gari alijitetea kwa simu kwamba wateja wake husafiri Julai.

Usiku wa tatu joto lilikuwepo, lakini pumzi zetu watatu na mvuke wa sufuria ya uji vililowesha madirisha hata godoro likapata unyevu upande wa ukutani. Niliona vigumu kukubali kwamba dawa yake ni kufungua kidogo tundu la paani wakati nje kuna barafu, lakini ndivyo tulivyofanya, tukaziba vioo vya mbele kwa mikeka ya kuzuia baridi na kuhamishia upishi wote mchana, mlango ukiwa wazi.

Usiku wa nne kipimajoto kilisoma nyuzi 18, na mtoto akalala hadi saa kumi na mbili. Zile kanga, nilizozifua Fort William, hazikukauka mpaka tuliporudi Glasgow.