Farasi wa Radahn

Jumapili, saa nne usiku. Upepo wa Agosti unagonga mabati ya jirani tangu alasiri, na vumbi limeshaingia hadi kwenye matundu ya PS4. Nimeifuta kwa kitambaa cha miwani, nikaizima, sasa nimekaa kwenye kochi nikijaribu kuandika jambo lililonikaa kichwani wiki nzima. Mpwa wangu kalala. Angekuwa macho angeniuliza naandika nini, nami ningeona aibu kumwambia: naandika habari zako, wewe na yule farasi.

Mpwa wangu ana miaka 19, anasoma ufundi umeme, na tangu Januari anakaa kwetu hapa Nkuhungu. Kidole gumba chake kina kazi moja mbele ya gemu: kuruka maneno. Mhusika akifungua mdomo tu, tap, tap, tap, maneno yamekwisha. "Anko, hawa wanaongea sana. Tupigane." Kakulia kwenye vibanda vya gemu, mechi moja mia tano na saa inahesabiwa; nani atoe mia tano yake amsikilize mzee wa ndevu akieleza vita vya kale?

Mwanzoni nilikuwa namgombeza. Mimi ni wale watu wanaosoma kila karatasi iliyodondoka sakafuni mwa gemu, hata barua ya mkopo ya mtu asiyehusika. Kwangu hadithi ndiyo chakula, kupigana ni chumvi. Nilikuwa tayari kubishana na yeyote kwamba gemu la upanga na uchawi lisilo na hadithi ni kupasua kuni: kazi nzuri kwa mikono, lakini huwezi kumsimulia mtu ulivyopasua.

Ilinichukua miezi kugundua kwamba hatukuwa tukibishana juu ya ladha. Tulikuwa tukibishana juu ya Kiingereza.

Kijana huyu kasoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari akamwagiwa Kiingereza cha kujibu mtihani. Anaweza kukuandikia maana ya osmosis. Sasa mweke mbele ya Elden Ring, gemu la upanga na uchawi, mhusika mmoja anamnong'oneza kwa Kiingereza cha Biblia ya zamani, thee na thou, ambacho hata mimi nakisoma mara mbili. Gemu hizi kubwa zina Kifaransa, zina Kikorea, zina Kireno cha Brazili. Kiswahili hakuna. Kwa hiyo anaporuka maneno hadharau hadithi. Anaruka dimbwi.

Ndipo nikaanza kazi ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi. Waliokua na vibanda vya video wanajua: muvi inaenda, juu yake kuna sauti ya mtu anatafsiri, anachangamsha, anaongeza chumvi yake. Nikawa nakaa pembeni ya kochi, yeye kashika pedi, mimi nasimulia. Kibarua cha kwanza kilikuwa lile jina wanaloitwa wachezaji wote wa Elden Ring, Tarnished. Ni neno la kijiko cha fedha kilichopoteza mng'ao. Nilianza na "Waliochujuka", akacheka sana, akasema hiyo ni fulana ya mtumba. Tukaishia "Waliofifia". Siku hizi akifa anasema, "Mfifiaji mmoja chini."

Kusimulia kumenifundisha kitu ambacho miaka yote ya kusoma peke yangu haikunifundisha: si kila gemu linakubali kusimuliwa. Nilijaribu Disco Elysium, gemu la 2019 ninalolipenda kupita kiasi, la mpelelezi mlevi asiyekumbuka hata jina lake. Humo hakuna mapigano ya pedi kabisa, ni maneno, tena maneno ya kina. Dakika ya ishirini nikageuka, kijana kalala mdomo wazi. Sikumlaumu. Nilikuwa namsomea kitabu huku nikijidai tunacheza gemu.

The Witcher 3 ilikuwa kesi nyingine, na hapo mtazamaji alikuwa mke wangu. Ilitoka Mei 2015 kutoka Poland, na nilikuwa naicheza usiku, kwa siri kidogo, kwenye ngazi ya chini kabisa ya ugumu. Ngazi hiyo wenyewe wameiita "Hadithi tu", na inayofuata ni "Hadithi na Upanga". Naam, nilicheza ya kwanza. Mazimwi ya majini yalikuwa yameninyanyasa mno.

Mke wangu alipita na kikombe cha chai, akaniona naongea na yule baroni mnene wa Velen, jimbo la humo kwenye gemu, ambaye mkewe na bintiye wametoroka nyumbani. "Wametoroka kwa nini?" Sikumjibu. Akakaa. Dakika kumi baadaye alishajua kwa nini: mlevi, anapiga. "Nilijua. Angalia macho yake." Tangu hapo kila nikichomoa upanga alikuwa ananisonya. "Acha kuua mbwa mwitu, rudi kwa yule mzee, kuna kitu anaficha."

Kitu chenyewe kilikuwa mimba iliyoharibika, na kichanga kilichozikwa bila jina hadi kikageuka zimwi. Gemu linakupa njia mbili: ukiue, au baroni mwenyewe akibebe mikononi usiku ule mpaka kwenye kizingiti cha nyumba yake, akipe jina, akizike upya. "Usimpige! Ni mtoto," mke wangu alisema, na nilikuwa sijagusa kitu. Basi tukatembea. Mapepo yanakuja njiani, unapigana nayo, lakini jicho lako liko kwa kale kachanga. Kakianza kuchachamaa unaacha kila kitu unakatuliza kwa uchawi wa mkono. Tulipofika, baroni akakaita Dea. Mke wangu alinyanyuka akaenda jikoni bila kusema neno, na chai yake ilibaki mezani.

Ule mwendo wa dakika chache, ambao upanga hauna maana sana, ndio pigano bora kuliko yote ndani ya gemu lile. Mengine mengi nilikuwa nazungusha mkono ili nifike kwenye mazungumzo yanayofuata. Hapo naona kasoro halisi: watu wengine waliandika hadithi, watu wengine wakatengeneza upanga, na wawili hao wanakutana mara chache.

(Nikiwa mkweli, upanga ndio uliojenga nyumba tunayoishi wote. Muundaji wa gemu la Diablo, David Brevik, kasimulia kwamba alitaka gemu lake liende kwa zamu, wewe unapiga, adui anapiga, kama bao. Wenzake wakamsukuma. Akakaa mchana mmoja akabadilisha programu iende moja kwa moja bila zamu, akabofya juu ya mifupa inayotembea, mifupa ikasambaratika papo hapo. Hakurudi tena kwenye zamu. Gemu nyingi za upanga za leo ni wajukuu wa mbofyo ule.)

Sasa nirudi kwa mpwa wangu na Elden Ring.

Mmoja wa mabosi wa mwanzo, yaani maadui wakubwa wa gemu, ni Godrick, ndani ya ngome ya Stormveil. Siku hiyo nilichelewa kutoka kazini, kwa hiyo kijana alipigana naye bila msimulizi. Nilimkuta amejaa jasho kama aliyetoka kubeba saruji. Nikamuuliza: umeelewa nini? Akaniambia hivi, nanukuu karibu neno kwa neno: "Huyu hana chake, Anko. Mikono yote ile ni ya watu. Ukimzidi nguvu anakata hata wa kwake, anajibandika kichwa cha joka. Mwoga huyu, anajidai mfalme."

Nilikaa kimya. Hiyo ndiyo hadithi ya Godrick yote. Mimi niliipata kwa kusoma maelezo ya vitu saba tofauti kwenye mkoba; yeye kaipata kwa kupigwa.

Nikamkumbuka bibi, kule kijijini Mvumi. Baada ya ugali wa mtama na mlenda alikuwa anatusimulia, na sungura alipokamatana na fisi bibi hakueleza ngumi hata moja. Aliacha kusema, akaimba kwa Kigogo, nasi tukaitikia na makofi. Wimbo ulirudiwa mara tatu, mara nne, na kila mara fisi alikuwa karibu zaidi. Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia bibi aruke wimbo ili tufike mwisho wa hadithi. Pale ndipo na sisi tulipokuwa na kazi. Miaka yote nimekuwa nikihesabu mapigano kama kitu kinachokatiza hadithi, kumbe mahali pake ni pale pa kiitikio. Ubaya wa gemu nyingi ni kwamba kiitikio kimetoka kwenye hadithi nyingine: unaimba na kupiga makofi, fisi hasogei.

Jumatano usiku tulifika kwa Radahn. Ni jenerali mkubwa kama nyumba, akili yake imeliwa na uozo, kaachwa kwenye uwanja wa mchanga ambako anatafuna maiti za rafiki na adui. Mashujaa wamekusanyika kwa sherehe ili wampe kifo cha heshima. Hayo nilimsimulia kabla hatujaanza. Akaingia uwanjani, mishale mirefu kama nguzo za umeme ikaanza kushuka kutoka mbali, akakimbia, akafa, akarudi, akafa. Mara ya nne alisogea karibu vya kutosha kumwona vizuri. Akasimamisha mikono.

"Anko. Kapanda nini?"

Alikuwa kapanda farasi. Farasi mdogo, mkondefu, mbavu nje, miguu inapotea chini ya lile jitu. Kijana alicheka hadi akafa tena. "Kama bodaboda kabeba friji! Mwonee huruma basi mnyama." Kila mara jitu lilipogeuka na kale kafarasi kakachapuka chini yake, alikuwa anacheka, na mimi nacheka.

Ilituchukua usiku mbili. Alhamisi, saa tano na nusu, Radahn aliruka juu akapotea angani, akashuka kama kimondo, kijana akakwepa, akamalizia. Tukapiga kelele hadi mtoto wa jirani akalia. Halafu kikaingia mkobani kile kitu wanachokupa ukimshinda bosi, kumbukumbu yake. Kijana akanipa pedi: "Soma."

Nikasoma. Inasema jenerali huyu alijifunza uchawi wa mvutano ujanani mwake, katika mji wa Sellia. Sababu ni moja: asije akalazimika kumwacha farasi wake mkondefu aliyempenda. Yaani jitu lilivyozidi kukua lilijifunza kujipunguzia uzito ili lisimvunje mgongo.

Nilitafsiri pole pole, na nilipofika mwisho nikaona kijana hacheki.

"Kwa hiyo tumecheka bure."

"Hukujua."

"Wangesema kabla."

Hapana, na hili ndilo nimekuwa nikilizungusha wiki nzima. Wangesema kabla ingekuwa taarifa. Zile saa mbili za kumcheka farasi ndizo zilizofanya sentensi moja ya mkobani iwe nzito kiasi kile. Pigano liliuliza swali, kapanda nini, na jibu likaja wakati hakuna tena wa kuombwa radhi.

Hidetaka Miyazaki, mwongozaji wa gemu hili lililotoka Februari 2022, alikulia katika familia isiyo na fedha. Kasimulia kwamba alipokuwa mdogo aliazima vitabu maktaba, vingine vya Kiingereza ambacho hakukielewa vizuri, na pale asipoelewa alijazia kwa picha na mawazo yake. Akaja kutengeneza gemu zenye mashimo yale yale, kwa makusudi. Nilikuwa nalijua hilo muda mrefu kama jambo la kufurahisha tu. Sikuwahi kufikiri kwamba mchezaji aliye karibu zaidi na yule mtoto wa Japani ni huyu anayelala chumba cha pili, anayeruka maneno.

Jana niliambiwa na dogo mmoja wa kibandani kwamba mpwa wangu kawasimulia habari za Radahn. Kwenye toleo lake farasi alikuwa mdogo wake Radahn aliyerogwa. Sikusahihisha.

Leo mchana kafika kwa Radahn tena, safari hii kwenye faili lake mwenyewe. Kabla ya kuingia akapiga mbinja kumwita Torrent, yule farasi wake wa kiroho mwenye pembe. Mara ya kwanza alipigana kwa miguu, nikamuuliza mbona leo kabadilisha. "Yeye kaja na wake, na mimi naja na wangu."

Alifika mbali. Damu ya Radahn, yaani uhai wake, ilikuwa imebaki kipande kidogo pale mshale ulipomwangusha Torrent. Kijana mwenyewe alikuwa na damu ya tone, na chupa moja ya dawa. Akibonyeza mbinja tena gemu linauliza kama unatoa chupa hiyo ili farasi afufuke. Swali hilo la Kiingereza analielewa, kalijibu mara nyingi porini. Nikasema, "Kunywa! Kunywa kwanza!"

Akabonyeza mbinja. Torrent akasimama, naye akapigwa mshale wa pili kifuani, yakaja yale maneno mekundu ya kukuambia umekufa.

"Si nilikwambia unywe?"

"Ningemwacha pale?"